Mfumo Ukiwa Polepole, Mteja Aambiwe

Umesimama kwa mama mboga. Umechukua sukuma, nyanya na vitunguu, jumla shilingi 180. Umelipa kwa simu, umeweka PIN, na simu imekujibu kwamba ombi lako limepokelewa, ungoje ujumbe. Ujumbe hauji. Mama anaangalia simu yake, kimya. "Kwangu bado haijaingia, mwanangu." Nyuma yako kuna watu wawili wanataka kuhudumiwa. Unafanya nini?

Wengi wetu hutuma tena. Dakika chache baadaye jumbe mbili zinaingia zikifuatana, na mama ana shilingi 360 zako. Kwa mama mboga wa mtaani hilo si neno. Mnajuana, atakurudishia au atakuwekea mboga za kesho. Lakini kama ulikuwa unalipa karo, au nauli ya basi la usiku la kwenda Kisumu, au bidhaa kwenye duka la mji ambao hutarudi, hiyo ya pili utaifuatilia kwa siku kadhaa.

Jambo hili likitokea, mteja ndiye hulaumiwa. Hakuwa na subira, hakusoma maagizo, alibonyeza mara mbili. Mimi sioni hivyo. Mara nyingi kampuni inayoendesha malipo ilishajua kwamba mambo yanaenda polepole kabla mteja hajatoa simu mfukoni. Mafundi wake wana skrini zinazowaonyesha foleni ikirefuka. Walijua, na hawakumwambia mtu. Naandika haya nikizilenga kampuni zote za malipo, hii unayoitumia ikiwemo: mfumo unapolegea, mteja ana haki ya kuambiwa umelegea wapi, tangu saa ngapi na afanye nini. Na mwezi ukiisha, aonyeshwe hesabu yake bila kupambwa.

Kuzimika si sawa na kulegea

Huduma ikizimika kabisa, angalau hakuna siri. Tarehe 24 Aprili 2017 mtandao wa Safaricom ulizimika kwa saa kadhaa, na M-PESA ikaenda nao. Redio zilitangaza, watu wakaulizana barabarani, mwenye taslimu akawa mfalme kwa siku hiyo, na kampuni ikaomba radhi hadharani. Ilikuwa siku mbaya kwa biashara, lakini hakuna aliyebaki akijiuliza kama tatizo ni simu yake. Aliyekuwa na akili aliirudisha simu mfukoni akangoja.

Kulegea ni balaa la aina nyingine. Menyu inafunguka, PIN inakubaliwa, kila kitu kinaonekana kizima, ila jibu halirudi. Ili uone kwa nini hapo ndipo pesa hupotelea, fuata njia inayopitwa na malipo yako. Yanatoka kwenye simu, yanapita kwenye mtandao wa simu, yanafika kwenye mfumo wa malipo unaokagua PIN, salio na kiwango chako cha siku. Kama unalipa benki au biashara kubwa, kuna mfumo wao pia unaopaswa kuitikia. Mwisho kabisa ndipo SMS inatumwa, na SMS hupita njia yake yenyewe yenye foleni yake yenyewe. Kwa hiyo inawezekana pesa imeshafika, kilichochelewa ni ujumbe tu.

Ndiyo maana unapongoja pale kwa mama mboga kuna mambo matatu yanayowezekana. Pengine pesa haijatoka kwako. Pengine imetoka na inaning'inia katikati. Pengine imefika na ujumbe ndio umekwama. Kwako wewe yote matatu yanafanana: skrini tupu. Kampuni ndiyo inayoweza kutofautisha, na kama inaweza kutofautisha halafu inakujibu tu "ombi lako linashughulikiwa", inakuachia kamari ambayo yenyewe haichezi.

Kuna jambo lingine ambalo kampuni nyingi hazilizungumzi. Mfumo uliojaa ni kama steji ya matatu saa kumi na mbili jioni. Magari yakitosha, hakuna foleni. Wakiongezeka watu wachache tu kupita viti vilivyopo, foleni inazunguka jengo. Sasa fikiria kila aliye kwenye foleni anachoka, anajipanga mara ya pili nyuma kabisa, na bado nafasi yake ya kwanza ipo. Ndivyo kutuma tena kunavyofanya. Mteja asiyeambiwa kitu anabonyeza tena, na mfumo uliokuwa na malipo elfu kumi ya kusukuma sasa una elfu kumi na tano, nusu ya mzigo ulioongezeka ukiwa ni watu wale wale wanaojaribu mara ya pili na ya tatu. Kampuni ikitangaza mapema kwamba "malipo yanachelewa, usitume tena", inapunguza mzigo wake yenyewe. Huo ukweli ni sehemu ya ukarabati.

Na siku zenyewe zinajulikana. Mwisho wa mwezi, Ijumaa jioni, wiki ya kufungua shule, wiki ya Krismasi. Hakuna kampuni ya malipo Kenya inayoweza kusema ilishtukizwa na tarehe 30.

Hesabu ya 99.9

Kampuni za programu hupenda kusema huduma yao inapatikana asilimia 99.9 ya wakati. Inasikika vizuri. Mwaka una saa 8,760. Sehemu iliyobaki, ile 0.1, ni karibu saa 8 na dakika 46. Zikianguka zote saa tisa za usiku katikati ya wiki, ni walinzi na wagonjwa tu watakaojua. Zikianguka jioni tatu za mwisho wa mwezi, mwenye duka anaweza kukosa mauzo ya wiki nzima. Asilimia ni ile ile.

Halafu uliza kitu gani kinahesabiwa kuwa "inapatikana". Mfumo uliojibu baada ya dakika moja na nusu ulikuwepo, ndiyo, lakini mteja alishaondoka.

Wastani nao hudanganya, hata bila mtu kukusudia. Tuseme kati ya malipo 100, malipo 95 yalichukua sekunde 3 kila moja, na matano yaliyobaki yakachukua dakika mbili mbili. Piga hesabu: wastani ni karibu sekunde 9. Kampuni inaweza kuandika kwenye tangazo "wastani wa sekunde 9" na isiwe imesema uongo. Lakini hakuna hata mteja mmoja aliyengoja sekunde 9. Tisini na watano waliona huduma ya haraka kuliko hiyo, na watano walisimama dakika mbili huku makanga akiwaangalia. Mafundi wanalijua hili vizuri, ndiyo maana wao wenyewe ofisini hawaangalii wastani peke yake. Wanaangalia wale waliongoja zaidi: kati ya kila 100, au kila 1,000, aliyechelewa kabisa alingoja kwa muda gani? Hiyo ndiyo namba ambayo mteja angefaa kuonyeshwa, na hiyo ndiyo isiyotoka nje ya ofisi.

Kilichoigharimu Apple

Kuna watakaosema mteja wa kawaida hajali haya, anataka tu simu ifanye kazi. Wakumbuke kisa cha iPhone.

Betri ya simu ikizeeka hushindwa kutoa nguvu ya ghafla, na simu inaweza kujizima ikiwa bado inaonyesha ina chaji. Mwanzoni mwa 2017 Apple ilitoa programu mpya iliyoshughulikia tatizo hilo kwa kupunguza kasi ya simu zenye betri zilizochoka. Kifundi, ilikuwa hatua ya busara. Heri simu ya polepole kuliko inayozima ukiwa katikati ya kuongea. Tatizo ni kwamba wenye simu hawakuelezwa waziwazi. Waliona tu simu zao zimekuwa nzito, na wengi wakadhani dawa ni kununua mpya, wakati betri mpya ingetosha.

Desemba 2017 jambo hilo likajulikana baada ya watu wa nje kupima kasi ya simu hizo. Apple iliomba radhi kabla mwaka haujaisha na ikapunguza bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Machi 2018 ikaongeza kwenye mipangilio ya simu sehemu inayomwonyesha mwenyewe hali ya betri yake na kama kasi imepunguzwa. Haikuishia hapo. Februari 2020 mamlaka ya kulinda wateja Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaambia wateja, na mwaka huo huo ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi ya wateja nchini Marekani.

Angalia vizuri walichoadhibiwa Wafaransa walipotoza ile faini. Hawakusema ni marufuku kupunguza kasi ya simu. Walisema mteja hakuambiwa. Na ile sehemu ya hali ya betri, ambayo sasa kila mwenye iPhone anaiona ya kawaida, ingewezekana kuwekwa siku ile ile programu ilipotoka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa maradhi yenyewe hayakuwa hata ya aibu.

Kwenye pesa, kunyamaza ni hatari zaidi

Simu nzito inakera. Akaunti iliyokwama inalaza watu njaa. Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha akaunti za wateja wake kwenda kwenye mfumo mpya wa kompyuta. Hadi wateja milioni 1.9 walifungiwa nje ya huduma zao. Siku chache baadaye mkuu wa benki alitangaza kwamba huduma za simu na intaneti zimerudi, huku wateja wengi wakiwa bado hawawezi kuingia. Hebu fikiria uko kwenye foleni, unalipwa mshahara kupitia akaunti hiyo, na unasoma kwamba kila kitu kiko sawa.

Matapeli nao hawakulala. Waliwapigia wateja waliochanganyikiwa wakijifanya wafanyakazi wa benki. Kamati ya Hazina ya bunge la Uingereza ikasema haina imani tena na mkuu huyo, na Septemba mwaka huo akaondoka. Benki ilichukua hadi Desemba kurudi katika hali ya kawaida. Iliwalipa wateja fidia ya pauni milioni 32.7, na Desemba 2022 wasimamizi wakaitoza faini ya pauni milioni 48.65.

Linganisha na GitLab, kampuni ambayo waandishi wa programu duniani kote huweka kazi zao kwake. Tarehe 31 Januari 2017, wakihangaika na mfumo uliokuwa umezidiwa na mzigo, fundi mmoja alifuta hifadhidata isiyo yenyewe. Walipokimbilia nakala za akiba, wakagundua kati ya njia tano walizokuwa nazo hakuna iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Mambo ya aina hiyo ndiyo kampuni huzika. Wao walifungua daftari la kazi yao kila mtu asome, wakarusha kazi ya uokoaji moja kwa moja kwenye YouTube, na wakaandika waziwazi kwamba data ya takriban saa sita imepotea. Wateja walikasirika, ni haki yao. Lakini kila mmoja alijua kazi yake ya saa zipi arudie. Hicho ndicho mteja hutaka: ajue hasara yake inaanzia wapi na kuishia wapi.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 28 Februari 2017, Amazon nao walipata somo dogo ambalo lingefaa kubandikwa ukutani katika ofisi za malipo hapa nyumbani. Huduma yao ya kuhifadhi data ilianguka kwa karibu saa nne baada ya mfanyakazi kukosea amri moja. Ukurasa wao wa kuonyesha hali ya huduma ulitegemea huduma ile ile iliyoanguka, kwa hiyo ukaendelea kuonyesha rangi ya kijani huku nusu ya intaneti ikilia. Ilibidi watumie Twitter. Ukiwa na kampuni ya malipo na njia yako ya pekee ya kuwaambia watu kwamba programu imekwama ni kupitia programu hiyo hiyo, huna njia.

Sababu za kunyamaza

Ninazijua hoja za upande wa pili, na si zote za kipuuzi.

Ya kwanza ni kwamba watu watapata hofu na kutoa pesa zao zote. Sijaona sababu ya kuiamini. Mkenya amezoea stima kupotea, maji kukatwa na barabara kufungwa. Kinachomtia hofu ni kutojua. Akiambiwa kutakuwa na marekebisho kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri, anajipanga mapema na kulala.

Ya pili ni washindani. "Sisi tukisema tumekwama, wale wengine wananyamaza, tutaonekana wabaya peke yetu." Hii ina uzito. Anayetangaza makosa yake kwenye soko la wanaofunika kombe mwanaharamu apite anaweza kuadhibiwa kwa uaminifu wake. Dawa yake ni kila mmoja atakiwe kutangaza, kwa kipimo kimoja, na hilo nitalirudia.

Ya tatu ni usalama, na hapa nakubali nusu. Kama kuna tundu ambalo mwizi anaweza kupitia, lizibwe kwanza ndipo litangazwe. Hakuna mwenye akili anayetangaza mlango uliovunjika kabla ya kuleta fundi. Lakini kuchelewa kwa malipo si tundu. Ni kinyume chake: kimya ndicho mtaji wa tapeli. Anajua malipo yamekwama leo kwa sababu naye ana simu. Anakupigia: "Mimi ni wa huduma kwa wateja, pesa yako imening'inia, nitajie PIN tukurudishie." Kama kampuni haijasema lolote, huyo ndiye mtu wa kwanza kukueleza kitu kinacholingana na unachokiona. Kama kampuni ilishakutumia neno kwamba pesa zilizokwama zitarudi zenyewe na hakuna atakayekupigia, mwongo wake unakauka mdomoni.

Iko pia ile ya "si sisi, ni benki". Inaweza kuwa kweli kabisa, maana malipo hupita mikono mingi. Basi semeni ni benki gani. India wanafanya hivyo. Shirika la NPCI, linaloendesha mfumo wa malipo wa UPI, huchapisha kila mwezi takwimu za benki kubwa moja moja: malipo mangapi yamepita, mangapi yamekataliwa kwa sababu ya mteja mwenyewe kama vile PIN isiyo sahihi au salio pungufu, na mangapi yamekataliwa kwa hitilafu za mitambo ya benki. Hayo mawili yanatenganishwa. Hapa kwetu yote mawili yanaweza kukurudia na jibu moja, "jaribu tena baadaye", nawe ukabaki ukishuku kidole chako. Tangu 2019 benki kuu ya India pia imeagiza kwamba kwa UPI, pesa ikikatwa kwako isifike kwa mwenzako, irudi kufikia siku inayofuata, la sivyo ulipwe rupia 100 kwa kila siku inayozidi. Uingereza nako, Agosti 2018 benki zilianza kutakiwa kutangaza idadi ya hitilafu kubwa zilizozipata.

Tungeanzaje hapa

Si lazima tuombe ruhusa ya mtu. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na huduma, na haki ya fidia akipata hasara kutokana na kasoro. Mamlaka ya Mawasiliano tayari hupima ubora wa huduma za kampuni za simu na kuchapisha ripoti, tukasoma nani simu zake zinakatika. Ningependa kuona Benki Kuu ikidai kitu kama hicho kwenye malipo, kwa kampuni zote siku moja, ili yule mwaminifu asibaki peke yake uwanjani. Namba nne tu zingetosha kwa kuanzia: malipo yaliyoshindikana kwa hitilafu ya kampuni, muda waliongoja wale waliochelewa zaidi, pesa zilizokwama zilichukua muda gani kurudi, na saa zilizopotea mwisho wa mwezi zikihesabiwa peke yake.

Hadi siku hiyo, kuna mambo ambayo kampuni inaweza kuanza Jumatatu.

Mawakala waambiwe kwanza. Mtu akitoa pesa na ujumbe usifike, wakala hawezi kutoa taslimu bila uthibitisho, kwa sababu floti ni yake na hasara ni yake. Mteja anaona salio limepungua, anaona wakala amekataa, na matusi yote yanaishia pale dirishani. Wakala huyo hana alilolijua zaidi ya mteja. Angepata ujumbe mfupi dakika kumi mapema, angeandika kikaratasi na kukibandika, na ugomvi mwingi usingetokea.

Na ujumbe wenyewe uwe na kitu ndani. "Tunakumbwa na hitilafu ya kiufundi, tunaomba radhi kwa usumbufu" haumsaidii yeyote. Ningetaka kusoma hivi: "Tangu saa 11:20 jioni, malipo ya kwenda benki yanachelewa hadi dakika 30. Kutumiana pesa kwa simu kunaendelea kama kawaida. Kama salio lako limepungua, usitume tena. Pesa isipofika benki itarudi kwako kabla ya saa 3 usiku. Tutakujulisha tena saa 12:30." Una tatizo, una saa, una kisichoharibika, una la kufanya, na una miadi. Hata kama saa 12:30 habari ni kwamba bado, ije hiyo hiyo.

Radhi ije baadaye, pamoja na maelezo ya kilichotokea kwa lugha ambayo mwenye kibanda cha chipsi ataielewa. Si lazima tujue jina la seva.

Kwa upande wako, malipo yakikwama leo jioni, usiifanye SMS kuwa hakimu. Angalia salio kwanza, kisha orodha ya malipo ya mwisho. Kama salio halijapungua na muamala haumo kwenye orodha, ngoja dakika chache uangalie tena kabla ya kurudia, kwa kuwa ombi la kwanza linaweza kuwa bado liko kwenye foleni. Kama limepungua, muamala umo kwenye kumbukumbu hata kama mwenzako hajaona kitu. Andika saa, kiasi, na namba ya muamala ukiipata. Kisha pigia namba rasmi ya huduma kwa wateja, ile iliyo kwenye programu au kwa wakala, usijibu namba iliyokupigia yenyewe. Usiulize kama mtandao uko chini, maana hapo utajibiwa "ndiyo, jaribu baadaye" na simu imekwisha. Uliza hivi: "Pesa yangu iko wapi sasa hivi, kwangu, kwenu au kwake, na kama iko kwenu itatoka saa ngapi?" Anayekujibu ana skrini mbele yake. Mwache aisome.